Jinsi ya Kujiandaa na Usaili wa Kuchapa kwa Kazi ya Mwandishi Mwendesha Ofisi

Kila Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapotoa tangazo lenye nafasi za Mwandishi Mwendesha Ofisi, maswali huwa yale yale. Nichape maneno mangapi kwa dakika? Nitumie programu ipi? Sina kompyuta nyumbani, nifanyeje? Nataipu kwa vidole viwili lakini niko fasta, inatosha? Hilo la mwisho nalijibu hapa hapa: haitoshi, na Hatua ya 3 itakuonyesha kwa nini. Mengine yamo humu kwa mpangilio wa kufuata.

Mwongozo huu ni wa anayeitwa, au anayetarajia kuitwa, kwenye usaili wa vitendo, yaani ule wa kukaa mbele ya kompyuta, kupewa kazi na muda, kisha kuchapa. Cheo chenyewe wengi bado wanakijua kwa jina la zamani, Katibu Mahsusi. Kama unaomba kazi za ofisini katika Jeshi la Polisi, maandalizi ya vidole ni haya haya, ila Polisi wana mfumo wao wa maombi na masharti yao ya umri, urefu na afya, ambayo utayasoma kwenye tangazo lao. Karani wa ofisi ya polisi anachapa maelezo, orodha za vielelezo na barua zenye namba za majalada. Huyo asiiruke Hatua ya 6.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kibodi halisi. Kioo cha simu hakikufundishi kitu. Kama huna kompyuta, nunua au azima kibodi ya USB na kile kipande cha OTG cha kuunganisha USB na simu, uchomeke kwenye simu ya Android. Simu nyingi zitaipokea bila kuweka programu yoyote, na utafanya hatua zote isipokuwa ya 2, ya 8 na ya 9, zinazotaka kompyuta.
- Kompyuta yenye Word, angalau mara mbili kwa wiki. Steshenari za mitaani ndizo shule bora kuliko zote: ukimwomba mwenye duka akuachie kazi za kutaipu jioni, utachapa barua za maombi, mihtasari ya vikundi na mitihani ya shule, tena kutoka kwenye miandiko ya kila aina. Hayo ndiyo mazoezi unayoyatafuta, na huenda ukapewa na nauli.
- Maandishi ya Kiswahili yaliyo kwenye karatasi. Gazeti la HabariLeo au Mwananchi linatosha.
- Saa ya kuhesabu dakika. Ya kwenye simu inafaa.
- Daftari dogo la makosa. Usilidharau, maana kazi yote ya Hatua ya 5 inalitegemea.
- Wiki sita, dakika 45 kwa siku. Zigawe mara tatu za dakika 15. Aliyechapa kwa muda wa saa nne Jumamosi na kupumzika hadi Jumamosi nyingine hafiki popote.

Na kucha zipunguze. Kucha ndefu hufanya kidole kigonge kitufe kwa pembeni, na kidole kidogo ndicho kinachoumia kwanza.

Hatua ya 1: Soma tangazo lako mstari kwa mstari

Matangazo ya Mwandishi Mwendesha Ofisi Daraja la II yamekuwa yakitaka elimu ya kidato cha nne au cha sita, Stashahada ya Uhazili ya NTA (tuzo za taifa za ufundi) ngazi ya 6, kufaulu Hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja, na mafunzo ya programu kama Word, Excel, PowerPoint, intaneti, barua pepe na Publisher. Yale ya Katibu Mahsusi Daraja la III yalikuwa yakitaja hatimkato ya maneno 80.

Tulia hapo. Hiyo 100 ni ya hatimkato, ule mwandiko wa mkato wa kalamu. Si kasi ya kuchapa. Watu wamekata tamaa bure kwa kuusoma mstari huo haraka. Ukiweza kuchapa maneno 40 kwa dakika bila makosa mengi, uko mahali pazuri. Ukifika 50 usiwe na hofu. Kwa kulinganisha, kazi nyingi za ukatibu katika utumishi wa umma Kenya zilidai uchapaji hatua ya tatu wa KNEC, baraza lao la mitihani, ambao ni maneno 50 kwa dakika, na Polisi wa Delhi kule India hudai kwa karani wao maneno 30 ya Kiingereza au 25 ya Kihindi. Kwa hiyo hata mpaka wa juu wa hapo unafikika kwa mtu wa kawaida.

Kama hatimkato yako imeota kutu, itengee muda wake. Mwongozo huu hauwezi kuifufua.

Hatua ya 2: Pima ulipo leo

Chukua ukurasa wa gazeti, weka dakika 5, chapa kwenye Word bila kusimama. Usirekebishe kitu. Muda ukiisha, fungua Review, kisha Word Count, usome mstari wa Characters (with spaces). Gawa idadi hiyo kwa 5, kisha kwa dakika ulizochapa.

Mfano: vibonyezo (herufi, alama na nafasi ulizogonga) 1,000 kwa dakika 5. Gawa kwa 5, unapata maneno 200. Gawa tena kwa dakika 5, unapata maneno 40 kwa dakika. Sasa hesabu makosa. Ukiwa na makosa 15, hayo ni matatu kwa kila dakika, kwa hiyo kasi yako safi ni 37.

Kosa la kawaida: kuangalia idadi ya maneno iliyoandikwa chini ya ukurasa wa Word. Hiyo inahesabu kila neno kuwa moja, liwe fupi au refu, na Kiswahili kitakuonea. «Hawakuyashughulikia» lina herufi 19; ongeza nafasi ya mbele yake, ni vibonyezo 20. Kwa hesabu ya uchapaji, ambapo vibonyezo vitano ni neno moja, hapo umeshachapa maneno manne, wakati Word imekuhesabia moja.

Andika matokeo kwenye daftari pamoja na tarehe. Pima tena kila Jumapili. Kujipima kila siku kunakatisha tamaa tu, kwa sababu kasi hupanda na kushuka kama homa.

Hatua ya 3: Weka vidole mahali pake

Anayechapa kwa vidole viwili anaweza kuwa na kasi nzuri anapotunga barua yake mwenyewe. Tatizo lake linaonekana anaponakili. Macho yake yana sehemu tatu za kwenda: karatasi, kibodi, kioo. Kila akirudi kwenye karatasi anatafuta mstari alipoishia, na siku moja ataruka mstari mzima bila kujua. Anayechapa bila kuangalia kibodi ana sehemu moja tu ya kutazama.

Kaa na mgongo umenyooka, miguu sakafuni, viganja vimeinuka kidogo. Papasa kibodi: F na J zina vinundu. Vidole vya shahada hukaa hapo.

- Mkono wa kushoto: kidole kidogo kwenye A, cha pete S, cha kati D, cha shahada F.
- Mkono wa kulia: cha shahada kwenye J, cha kati K, cha pete L, kidogo kwenye nukta-mkato.
- Gumba lolote: nafasi.

Kila kidole hupanda na kushuka kwenye njia yake. Vya shahada vina kazi ya ziada: cha kushoto hubeba pia R, T, G, V na B, cha kulia hubeba U, Y, H, N na M. Herufi kubwa ya mkono wa kulia hushikiwa Shift ya kushoto, na ya mkono wa kushoto hushikiwa Shift ya kulia. Ukitumia Shift moja tu kwa kila kitu, «Waziri» itakusumbua maisha yako yote.

Wiki ya kwanza kasi yako itaanguka vibaya. Iache ianguke. Kosa linalowaangusha wengi ni kuona wameshuka hadi maneno 12 kwa dakika siku ya nne, wakarudi kwenye vidole viwili «kwa muda tu». Kama kuna kazi lazima uichape haraka wiki hiyo, mpe mwingine.

Hatua ya 4: Safu moja baada ya nyingine

Programu za mazoezi za bure kama TypingClub na Keybr ni nzuri kwa siku hizi za mwanzo. Lakini maneno yake mengi ni ya Kiingereza, kwa hiyo kila siku ongeza mistari ya Kiswahili. Chapa kila mstari mara kumi, polepole, bila kuangalia chini.

Safu ya katikati peke yake:

*kaka dada hasa shaka ghala jalada sadaka fasaha hadaa*

Safu ya katikati na ya juu:

*taarifa ya shahidi wa serikali ipelekwe kituo kile*

Ukiongeza ya chini:

*mwananchi huyo amewasilisha cheti cha kuzaliwa na barua ya mtendaji wa kijiji*

Usihamie mstari wa pili kabla ule wa kwanza haujatoka mara tatu mfululizo bila kosa. Kasi isikushughulishe hata kidogo kwa sasa. Kidole kilichozoea kukosea haraka ni kazi kubwa kukirudisha.

Hatua ya 5: Fanyia kazi mitego ya Kiswahili

Hapa ndipo miongozo ya Kiingereza inapowaacha watu wetu. Kibodi hii haikupangwa kwa ajili ya Kiswahili, na uzito wa lugha yetu unaangukia vidole dhaifu.

Tazama tena ule mstari wa safu ya katikati: irabu pekee iliyomo ni A. E, I, O na U zote ziko juu. Na A, herufi ambayo Kiswahili hakipumui bila yake, iko chini ya kidole kidogo cha kushoto. «Wanawasaidia» lina herufi 12, na tano kati ya hizo ni A. Ongeza kwamba W na S ni za kidole cha pete cha mkono huo huo, utaelewa kwa nini «wa» na «sa» zinageuka «aw» na «as» ukianza kukimbia. «Za» ni mbaya zaidi: Z na A zote ni za kidole kidogo kimoja, kinachopaswa kushuka na kurudi.

*wasaa wazazi wanawasaidia wazawa kuanza kazi za kawaida*

Upande wa kulia, I iko juu ya K, na zote ni za kidole cha kati. «Ki» inahitaji kidole kimoja kigonge mara mbili sehemu mbili. Vivyo hivyo «lo», ambayo yote ni ya kidole cha pete.

*kikao hiki kilikubali kiasi kilichokisiwa na kikundi kilichopo*

Halafu kuna kidole cha shahada cha kulia. Neno «mhudumu» lina herufi saba. Sita kati yake, zote isipokuwa D, ni za kidole hicho kimoja. Maneno kama hayo yamejaa kwenye barua za ofisi.

*mhudumu muhuri muhimu muhtasari mjumbe nyumba hukumu*

Mitego mingine miwili. Irabu pacha: «taarifa» inakuwa «tarifa», «kukaa» inakuwa «kuka», na «maadili» hubaki na A moja. Igonge ya pili kwa makusudi, kana kwamba ni herufi tofauti. Na ng' yenye kibainishi: ng'ombe, ng'ambo, kung'oa. Kibainishi kiko kulia kwa nukta-mkato, ni kazi ya kidole kidogo cha kulia. Ukikiruka ni kosa, hata kama msomaji angeelewa.

Sasa lile daftari. Kila ukimaliza zoezi, usiandike «makosa 14». Andika makosa yenyewe: *aw badala ya wa, mara 4, hu imerukwa, mara 2.* Baada ya wiki mbili utaona kwamba makosa yako mengi ni ya aina tatu au nne tu. Kesho yake anza na mistari ya aina hizo. Ukiwa na intaneti, Monkeytype ina sehemu ya kubandika maandishi yako mwenyewe. Bandika hapo maneno ya daftari lako.

Hatua ya 6: Namba, mabano na kumbukumbu

Watu wengi hufanya mazoezi ya herufi tupu, kisha usaili unawaletea jedwali la bajeti. Namba za safu ya juu ndizo zinazoua kasi. Kama kibodi ina kisanduku cha namba upande wa kulia, jifunze kukitumia kwa majedwali: kidole cha kati kwenye 5, yenye kinundu. Lakini usikitegemee peke yake, maana kompyuta mpakato nyingi hazina.

Tengeneza mistari yako inayofanana na hii:

*Kumb. Na. AB.12/345/01/67*
*S.L.P. 1234, DODOMA.*
*Sh. 1,450,000/= (milioni moja na laki nne na hamsini elfu)*
*tarehe 07/03/2025 saa 4:30 asubuhi*

Anayelenga ofisi za polisi au mahakama azidishe mara mbili hatua hii. Kosa la herufi kwenye jina la mtaa litasameheka. Tarakimu moja iliyogeuzwa kwenye namba ya jalada au ya gari inapeleka karatasi kwenye kesi nyingine. Ukishachapa namba ndefu, ihakiki kwa kuisoma mbili mbili, kidole kikiwa kwenye karatasi.

Hatua ya 7: Chapa kutoka karatasini, kisha kwa kusikia

Kuanzia wiki ya tatu acha kuchapa maandishi yanayotokea kwenye kioo. Weka karatasi upande wa kulia au wa kushoto, imesimama. Kitabu kizito nyuma yake kinatosha. Macho kwenye karatasi. Acha vidole vijue vyenyewe vimekosea. Utashangaa, huwa vinajua.

Pata pia maandishi ya mkono. Mwombe mtu mwenye mwandiko mbaya akuandikie kurasa mbili, akiweka na mishale, maneno yaliyokatwa na ya kuingizwa juu ya mstari. Bosi akikupa rasimu, hivyo ndivyo itakavyokuja.

Kwa imla, mdogo wako akusomee taarifa ya habari kwa kasi ya kawaida, au tumia habari za redio. Usimfukuze msomaji neno kwa neno. Kaa nyuma yake kwa maneno matatu au manne, ukiyashika kichwani wakati vidole vinamalizia yaliyopita.

Hatua ya 8: Jua kupangilia barua ya serikali

Kasi bila mpangilio haisaidii. Chapa barua rasmi moja kila siku mpaka usifikirie tena. Mpangilio wa kawaida kwetu:

1. Kichwa: Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kisha jina la wizara au taasisi.
2. Anwani na simu za ofisi, «Unapojibu tafadhali taja:», Kumb. Na., na tarehe.
3. Cheo cha mwandikiwa, taasisi, S.L.P., na mji kwa herufi kubwa.
4. Yah: na kichwa cha habari kwa herufi kubwa, kimekolezwa.
5. Aya ya kwanza haina namba. Namba huanza na 2 kwenye aya ya pili.
6. Jina la mtia saini, kisha cheo. Kama anasaini kwa niaba, huwekwa «Kny:» mbele ya cheo cha mkuu.
7. Nakala.

Jifunze pia dokezo sabili (maandishi mafupi ya mawasiliano ya ndani ya ofisi), muhtasari wa kikao na jedwali la safu nne au tano. Jedwali litengeneze kwa Insert Table. Wapo wanaopanga safu kwa kugonga nafasi mara ishirini. Kwenye kioo inaonekana sawa, kwenye karatasi inapinda.

Sasa Word yenyewe, ambayo ina tabia zake. Ukiorodhesha (a), (b), (c), hiyo ya tatu inageuka ghafla kuwa alama ya hakimiliki, ©. Gonga Ctrl+Z mara tu inapogeuka, itarudi, kisha uendelee. Ukiandika «n.k.» katikati ya sentensi, Word inadhani sentensi imekwisha na kukuza herufi inayofuata. Dawa ni ile ile. Na ikiigeuza namba ya aya yako kuwa orodha inayoingia ndani, Ctrl+Z tena. Nyumbani unaweza kuyazima hayo yote kwenye File, Options, Proofing, AutoCorrect Options. Lakini mimi nakushauri usiyazime: kwenye kompyuta ya usaili hayatakuwa yamezimwa, na ni bora vidole vizoee kupambana nayo.

Jambo jingine: mistari myekundu. Word isiyo na kamusi ya Kiswahili itapigia mstari karibu kila neno lako, lililo sahihi na lisilo sahihi. Usikimbilie kubofya kitufe cha kulia cha kipanya kupata menyu ya masahihisho. Ukikubali pendekezo moja kwa haraka, «kikao» inaweza kuwa neno la Kiingereza usilolijua. Mhakiki ni wewe mwenyewe.

Hatua ya 9: Jipe usaili wa majaribio

Wiki mbili za mwisho, mara tatu kwa wiki, fanya kama siku yenyewe. Kompyuta isiyo yako. Asubuhi, baada ya kukaa kwenye benchi. Dakika 10 za kunakili, dakika 20 za barua na jedwali. Watu wakipita nyuma yako, vizuri zaidi; ukimya wa chumbani kwako hautakusindikiza kwenye usaili.

Amua mapema sheria yako ya kufuta. Ninayoipendekeza: kosa ulilolihisi papo hapo lifute, ila kosa lililo mistari miwili nyuma liache hadi mwisho. Kurudi nyuma kwa mshale katikati ya kazi kunakula muda kuliko kosa lenyewe. Bakiza dakika mbili za kuhakiki: kwanza namba na tarehe, pili majina, tatu kama hukuruka mstari, mwisho herufi. Wengi huanza na herufi, muda ukaisha tarehe ikiwa mbaya.

Gonga Ctrl+S kila baada ya aya. Umeme wetu unaujua.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Namba yako ya usaili inapatikana kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, mfumo wa maombi wa Sekretarieti. Inakili kabla ya kuondoka nyumbani. Beba kitambulisho kinachotambulika, kama cha NIDA, cha mpiga kura, leseni au pasipoti, pamoja na cheti cha kuzaliwa na vyeti halisi vya kidato cha nne, cha sita kama unacho, na vya taaluma. Hati za matokeo za muda hazipokelewi. Kama majina yanatofautiana kati ya cheti na cheti, shughulikia hati ya kubadili jina mapema. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Na anayekupigia simu kwamba ana mtihani au nafasi ya kuuza, usimpe hata senti.

Ukishakaa, usianze kuchapa mara moja kama bado unaruhusiwa kujaribu. Gusa F na J. Chapa mstari mmoja wenye A, Z, M, namba, mabano na kibainishi. Rekebisha kiti. Soma maelekezo yote hadi chini: ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, jina la faili na mahali pa kulihifadhi. Kazi nzuri iliyohifadhiwa kwa jina jingine, kwenye folda nyingine, ni shida ya kuitafuta, na hakuna anayelazimika kuitafuta.

Mambo yakikwama

*Kasi imeganda kwa wiki mbili.* Kwa kawaida ni kwamba unachapa daima kwa kasi ile ile. Siku moja chapa polepole kabisa bila kosa hata moja. Siku inayofuata chapa mstari mfupi kwa kasi ya juu ya uwezo wako, bila kujali makosa. Badilisha badilisha.

*Kasi ipo, makosa mengi.* Kosa moja au mawili kwa kila vibonyezo 100 ni sawa. Zaidi ya hapo, punguza kasi hadi makosa yaishe, ukae hapo siku tatu. Usiongeze kabla.

*Kidole kidogo cha kushoto kinauma.* Hiyo ni A na Shift. Angalia kama unakibamiza badala ya kukigusisha, na kama kiganja kimelala juu ya meza. Pumzika siku moja. Maumivu yakipanda hadi kwenye kifundo cha mkono, acha mazoezi umwone mhudumu wa afya.

*Najikuta naangalia kibodi.* Funika mikono kwa kitambaa chepesi au karatasi ya A4. Itakukera siku mbili.

*Kiingereza kinakwenda, Kiswahili hakiendi.* Rudi Hatua ya 5. Umefundishwa na programu, haujafundishwa na maneno yako.

*Kiswahili kinakwenda, Kiingereza hakiendi.* Tatizo mara nyingi liko kwenye tahajia, vidole havina kosa. Chapa kila siku nusu ukurasa wa Daily News, na maneno yanayokushinda yaingie kwenye daftari.

*Nikigonga alama ya @ inatoka ya kunukuu.* Kibodi ya Uingereza na ya Marekani zimebadilishana alama hizo mbili, na mpangilio uliowekwa kwenye Windows haulingani na kibodi iliyopo mezani. Shikilia kitufe cha Windows ukigonga nafasi. Kama mpangilio wa pili umewekwa, utabadilika. Kama haujawekwa, kumbuka tu zimehama wapi na uendelee.

*Kila kitu kinatoka kwa herufi kubwa.* Caps Lock. Usifute: chagua maandishi, gonga Shift+F3 mpaka yatulie. Kwenye kompyuta mpakato huenda ukalazimika kushika na Fn.

*Herufi mpya zinameza zilizokuwepo mbele.* Umegusa Insert. Igonge tena, kisha Ctrl+Z kurudisha zilizoliwa.

*Kompyuta imeganda katikati ya usaili.* Usiizime. Nyoosha mkono, msimamizi aje aione ikiwa imeganda, na umwombe aandike saa ilipotokea kabla hajakuhamishia nyingine.